Kompyuta Nyingine

Mtaa mzima ulimwita Bwana Nukta, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Zamani alikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji, enzi zile herufi za risasi ziliokotwa moja moja kwa vidole, na siku moja alisimamisha mashine iliyokwisha kuanza kunguruma kwa sababu kadi ya harusi ya bosi haikuwa na nukta mwishoni. Bosi akamwuliza kama ana wazimu. Yeye akajibu kwamba ndoa isiyo na nukta haijulikani inaishia wapi. Hakufukuzwa, ila nukta ilimganda, na hata mkewe wakikosana alimwita hivyo hivyo: "Haya, Nukta, umeshinda."

Alipostaafu alinunua kompyuta akaiweka sebuleni, kati ya friji na kabati la vyombo, akaifunika kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Hapo ndipo alipopatia riziki ya uzeeni: barua za kuomba kazi, mitihani ya walimu, ratiba za mazishi. Watu walimpenda kwa kuwa hakosei, na walimchoka kwa sababu hiyo hiyo. Ukimpelekea barua ya mapenzi alikurekebishia herufi kubwa, akakurekebishia mkato, halafu akakurekebishia na mapenzi yenyewe.

Majivuno yake makubwa, hata hivyo, yalikuwa mgongoni mwa ile kompyuta. Huko nyuma palikuwa na stika ndogo yenye namba ndefu ya leseni. Kwa wasiojua, kompyuta haiendi kwa umeme peke yake. Mna programu kuu ndani yake inayoendesha kila kitu, na programu hiyo inahitaji leseni kama gari linavyohitaji. Mtaani pale karibu kila mtu alikuwa na leseni ya kuokota, na tafadhali usiniulize mimi yangu ilitoka wapi. Bwana Nukta alikuwa ameinunua yake dukani, kwa risiti. Mgeni akija, kabla hajapewa maji, alizungushwa nyuma ya meza akaonyeshwa stika.

Sasa, alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, mrefu kama mlingoti, mkimya. Kijana naye alijikusanya akanunua kompyuta ya mpakato ya mtumba, isiyo na leseni, akawa anafanyia kazi zake chumbani. Jioni moja baba alitoka kuoga, taulo shingoni, akamkuta kijana amepiga magoti nyuma ya meza, tochi ya simu mkononi, na mwanga umeangukia kwenye stika.

"Unatafuta nini huko?"

"Natazama waya, baba. Mashine yako inakoroma."

"Waya zina namba siku hizi?"

"Natazama waya tu."

"Umeshindwa kununua yako, unakuja kuiba ya babako."

Kijana alisimama, akajipangusa magoti. "Sikuchukua kitu," akasema. Baba akamwita mwizi. Alilisema neno hilo moja tu, kisha, kwa tabia yake, akaliwekea nukta.

Kulipokucha kijana hakuwepo, wala begi lake, wala ile kompyuta ya mpakato. Mwanzoni alikuwa akimpigia mama yake, mara yuko mji huu, mara yuko mji wa mbali zaidi kwenye ujenzi. Baba akisikia simu inaongea alijitia kupangusa kibodi, akisubiri aitwe aambiwe, "Anataka kuongea na wewe." Hakuitwa. Kisha simu ya kijana ikaanza kusema haipatikani, na baadaye ikasema namba hiyo haitumiki. Waliulizia hospitali, wakaulizia polisi, wakaulizia kila dereva aliyejua njia za huko. Mmoja alisema alivuka mpaka. Mwingine alisema kulianguka jengo. Jengo gani, hakujua, alisikia tu. Miaka ikapita juu ya maneno hayo. Mama alilia machozi yake yakaisha, akauweka msiba wake mahali anapopajua mwenyewe, akaendelea kupika. Baba hakulia, kwa sababu alikuwa hajaamua kama kuna cha kulilia.

Ndipo kompyuta ikafa. Alipobonyeza kitufe ikatoa harufu ya plastiki iliyoungua, na baada ya hapo ikawa kimya.

Aliitwa mpwa wake, mtoto wa dada yake, mwanamke mzima mwenye kibanda cha kutengeneza kompyuta nyuma ya stendi. Wateja walimwita Bisi kwa sababu bisibisi haikumtoka kwenye nywele. Aliichomeka pale kama wenzake wanavyochomeka kalamu. Aliichukua mashine, akairudisha inapumua.

"Nimekubadilishia ubao mkuu, Mjomba, ule tunaouita mazabodi. Wa zamani umeungua wote."

"Yaani umeitoa moyo?"

"Moyo, mapafu na nusu ya ini."

"Na bado ni yangu hiyo?"

"Sura ni yako," Bisi akasema. "Na vumbi ni lako, maana nimelikuta humo tangu ulipostaafu."

Ilifanya kazi vizuri kwa siku chache. Halafu asubuhi moja Bwana Nukta akavua kitambaa, akawasha, na ile picha ya maua iliyokuwa ikimpokea kila siku haikuja. Kioo kilikuwa cheusi tii. Kona ya chini paliandikwa kwamba nakala hii haijathibitishwa, na katikati kikatokea kisanduku chenye maneno ambayo mzee aliyasoma kama alivyosoma kila kitu, herufi kwa herufi, akitafuta kosa. Leseni imeshindwa kuthibitishwa. Namba hii tayari inatumika kwenye kompyuta nyingine. Usipoithibitisha, baada ya muda hutaruhusiwa kuingia.

Kwanza alikasirika, na hasira yake ilikuwa ya haki. Yeye, mwenye risiti, anaambiwa hivyo mbele ya friji yake mwenyewe. "Nyingine ipi?" akaiuliza mashine. Kisha akasikia alichouliza, akakaa kwenye kiti.

Kwake yeye kompyuta nyingine ilikuwa moja tu duniani. Ilikuwa na ufa kwenye kona ya kifuniko, na iliondoka na begi. Namba ile ilikaa mgongoni mwa mashine miaka yote, na ni mtu mmoja tu aliyewahi kuipigia magoti. Kwa hiyo aliichukua. Aliichukua kweli. Na kama inatumika, basi mashine ile inawashwa, na kama inawashwa kuna kidole kinachoiwasha, na kidole hakiendi peke yake.

Alibaki pale mpaka mteja wa kwanza akabisha hodi, akamfukuza. Mtu aliyetumia nusu ya maisha yake kuhubiri uaminifu alikuwa amekaa mbele ya kioo cheusi, midomo ikimcheza, anamwomba Mungu mtoto wake awe mwizi.

Mkewe alikuwa jikoni anakata vitunguu.

"Mke wangu, yule kijana aliiba ile namba."

"Umeanza tena."

"Aliiba kweli. Na anaitumia."

"Nukta, niache nipike."

"Anaitumia sasa hivi. Leo."

Kisu kikatulia. "Nani kakwambia?"

"Kompyuta."

Alimtazama mumewe kama mtu anayemkagua mlevi. "Usinifanyie hivyo," akasema polepole. "Kila kitu nifanyie, lakini si hivyo."

"Njoo usome mwenyewe."

Alikuja anajifuta mikono kwenye kanga, akainama, akayafuata maneno kwa kidole. Alipofika mwisho akarudi mwanzo.

"Haiwezi kuwa ya mtu mwingine?"

"Nani mwingine alipiga magoti hapa?"

Mama alikigusa kioo kwa mgongo wa kiganja, vile mtu anavyompima mtoto homa, akarudi jikoni. Muda si muda Bwana Nukta akamsikia anaimba puani. Wimbo wenyewe haukuwa na mbele wala nyuma. Lakini sauti hiyo haikuwa imesikika ndani ya nyumba ile tangu ile simu ilipoacha kuita.

Mchana wake Bisi alikuja, begi begani, bisibisi kichwani.

"Shikamoo Mjomba. Nasikia umenyang'anywa leseni. Ulikuwa unaendesha umelewa?"

"Marahaba. Kaa, acha mdomo."

"Kompyuta ikikataa leseni, tunaanza na maswali ya kijinga," Bisi akasema, akijivutia kiti. Akatazama tarehe na saa, maana mashine yenye tarehe ya uongo hukataa mpaka jina lake. Zilikuwa sawa. Akatazama intaneti, ilikuwepo. Akafungua mahali pa kuandikia leseni, akamwomba mjomba asome stika upya.

Mzee akaingia nyuma ya meza kwa magoti yake mabovu, akasoma. Katikati Bisi akamsimamisha.

"Hiyo ni nane au ni B?"

"Mpanga herufi haulizwi swali hilo."

"Mpanga herufi ana miwani ya kitako cha chupa. Ni nane au ni B?"

"Ni B. Nane ina kiuno chembamba. Andika."

Ilikuwa B. Namba yote ilikuwa sahihi, na mashine ikaikataa yote. Bisi akaendesha kile kisaidizi cha kutafuta matatizo. Kikazunguka, kikazunguka, kikarudi na sentensi ile ile ya kompyuta nyingine.

"Mjomba, mimi naona kisa ni ile mazabodi. Nilipoibadilisha..."

"Imesema nyingine."

"Ndiyo, lakini yenyewe haijui kwamba..."

"Bisi. Nimesoma maneno tangu hujazaliwa. Wangetaka kusema mazabodi wangesema mazabodi. Wamesema nyingine."

Bisi akafungua kinywa ajibu. Kutoka jikoni wimbo ukaja, ule wa puani, pamoja na harufu ya vitunguu. Akamtazama mjomba wake, akatazama mlango wa jikoni, na alichokuwa akisubiri kukisema akakimeza. Alimjua binamu yake. Wakiwa wadogo waliogeshwa kwenye beseni moja.

"Imebaki njia ya simu," akasema badala yake. "Unapiga, unawasomea tarakimu, wanaithibitisha hapa. Ila ikikubaliwa hapa, huko kwingine, kama kupo, itakataliwa."

"Itafanyaje?"

"Kioo kitakuwa cheusi kama hiki."

"Basi hatupigi."

"Mjomba, hii itakufungia mlango. Utapigia wapi chapa?"

"Nilipanga herufi kwa mkono miaka mingi na mikono bado ninayo. Mwache kijana afanye kazi."

Bisi akaondoka bila hata kumtania.

Zikafuata siku ambazo Bwana Nukta alikuwa mtu mwingine. Wateja walishangaa kukuta barua imetoka na mkato uliokaa vibaya. Kila alipoiwasha mashine alikisubiri kisanduku kitokee, na kilipotokea alitikisa kichwa kama mtu aliyepokea salamu. Inatumika. Leo pia inatumika. Alianza kumwambia mkewe mezani mambo ambayo mashine haikusema: kwamba kama ana umeme wa kuwashia kompyuta basi ana nyumba; kwamba kama anahitaji leseni basi ana kazi ya maana; kwamba huenda ana mke. Mama alisikiliza, akamwongezea chai, akauliza, "Mke wa wapi?" kana kwamba yeye angejua.

Lakini tumaini haliridhiki na kidogo. Asubuhi moja akiwa ananyoa, nusu ya uso ina povu, wazo likamjia likamsimamishia wembe. Kioo cheusi. Kijana akiwasha mashine yake akaikuta nyeusi, akasoma kwamba namba ile inatumika kwenye kompyuta nyingine, atafikiri nini? Kwake naye kompyuta nyingine ni moja tu duniani. Atajua baba yuko hai, amekaa palepale kati ya friji na kabati. Itakuwa kama kumgongea mlango. Atakasirika, naam, na atapiga simu, hata kama ni kutukana. Bwana Nukta alikuwa tayari kutukanwa. Alimpigia Bisi hata kabla hajamaliza shavu la pili.

"Njoo tupige ile simu."

Bisi alikuja, na safari hii hakuvuta kiti. "Mjomba, nisikilize kwanza. Huko unakokufikiria, huenda hakuna mtu."

"Kama hakuna, huyo wa simu atasema. Piga."

Kwanza ilipokea sauti ya mashine, ya kike, yenye adabu ya kuchosha. Kwenye kioo tarakimu zilijipanga mafungu mafungu, mzee akazisoma, na Bisi akazibonyeza kwenye simu iliyowekwa mezani kwa sauti kubwa. Sauti ile ikasema imeshindwa, ikawaomba wasubiri mhudumu. Ukapigwa muziki. Mwisho akaja kijana wa kiume, mtu wa kweli, anayepumua.

"Pole kwa kusubiri, mzee wangu. Nikusaidie nini?"

Bwana Nukta alijieleza kwa sentensi kamili.

"Sawa. Programu hii umeiweka kwenye kompyuta ngapi?"

Bisi alinyoosha kidole kimoja hewani, amtolee jibu. Mjomba wake hakukitazama.

"Mbili," akasema. "Hii yangu, na ya mwanangu."

Zikasikika kelele za kibodi. Huyo kijana alipiga haraka sana, na bila shaka alikuwa anakosea.

"Mzee wangu, mimi hapa naona moja."

"Zipo mbili. Imeandikwa hapa kwenye kioo, kompyuta nyingine."

"Naelewa. Umebadilisha kifaa chochote ndani ya mashine hivi karibuni? Labda mazabodi?"

Bisi akafumba macho.

"Imebadilishwa," mzee akasema.

"Ndiyo hiyo. Mazabodi ikibadilika, mfumo unaiona ni mashine mpya. Hiyo kompyuta nyingine inayosemwa ni hiyo hiyo ya kwako, mzee wangu, kabla ya matengenezo."

"Ya kwangu."

"Ndiyo."

"Mwanangu ana yake. Ya mpakato. Ina ufa kwenye kona. Tazama vizuri."

"Nimetazama, mzee. Namba hii haijawahi kuwekwa kwenye mashine nyingine yoyote tangu ulipoinunua."

"Hata kujaribiwa? Labda mtu alijaribu ikamkatalia."

"Hata kujaribiwa. Ingeonekana hapa." Kijana alikuwa na moyo mzuri, na aliona mzee ana wasiwasi, kwa hiyo akaongeza kwa sauti ya kufurahisha: "Ni habari njema, mzee wangu. Hakuna aliyekuibia."

Friji ikaanza kunguruma, ikanyamaza.

"Bado tupo pamoja? Niithibitishe sasa?"

Bwana Nukta alikuwa akitazama stika ambayo kutoka alipokaa haikuonekana. Bisi ndiye aliyejibu, "Thibitisha," na ndiye aliyeandika tarakimu alizosomewa, na ndiye aliyeshukuru. Maua yakarudi kwenye kioo, mekundu na ya njano, mazima kama hakujawahi kutokea kitu.

"Mjomba."

"Ulijua."

"Nilidhani. Nilitaka kusema, halafu nikamsikia mkaza mjomba anaimba."

Alitikisa kichwa kumwonyesha kwamba hamlaumu. Kisha akainuka, akishikilia meza, kwa sababu wimbo ule sasa ulikuwa unatoka nje, nyuma ya nyumba, na kuna mtu mmoja tu aliyeuanzisha, na ndiye aliyepaswa kwenda kuunyamazisha.

Mkewe alikuwa ametoa godoro la chumba cha kijana, amelilaza juu ya viti viwili juani, analipiga kwa ufagio. Vumbi lilipaa, naye akageuza uso pembeni, akapiga tena. Alipomwona mumewe amesimama mlangoni alipiga mara nyingine mbili tatu, polepole zaidi, halafu akaacha.

"Umepiga ile simu."

"Nimepiga."

"Wanasemaje?"

Yeye aliyekuwa na neno kwa kila barua ya mtaa alilitafuta lake kwa muda mrefu. "Hakuichukua ile namba," akasema. "Hakuna kompyuta nyingine. Ni hii hii ya kwetu."

Mama aliegemeza ufagio ukutani. Ulipoteleza hakuuokota.

"Kwa hiyo hayuko."

"Hawakusema hayuko. Wamesema hakuiba."

"Hilo nilikuwa nalijua."

"Ulijua? Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia siku ile ile. Nilikuambia mimi ndiye niliyemtuma atazame waya, kwa sababu kelele ya mashine yako ilikuwa hainipi usingizi. Nilisimama nyuma ya kiti chako nikakuambia. Ulikuwa unapiga ratiba ya mazishi ya watu, ukaniambia nisikukoseshe."

Bwana Nukta hakukumbuka. Alijaribu kwa nguvu zake zote, na hakukumbuka sauti yoyote nyuma ya kiti, na hilo ndilo lililompiga kuliko yote aliyosikia siku hiyo. Alifungua kinywa aseme neno la kumwomba kijana radhi, akaona hakuna wa kupelekewa. Namba ya simu haitumiki. Jengo halina jina. Mlango aliotaka kuugonga haupo.

"Mke wangu," akaanza.

"Shika huko," mama akasema.

Akashika. Wakaliinua godoro, yeye mbele akirudi kinyumenyume, mkewe nyuma akimwelekeza: kushoto, kizingiti, inama kidogo. Wakaliingiza chumbani, wakalishusha kitandani. Mama akatoa shuka safi kwenye kabati, akaitikisa, ikatua. Alichomeka pande zake mbili, akalainisha mto, akatoka.

Mumewe alibaki ameinama upande wa ukutani, ameshika pindo la shuka, hajui achomeke vipi. Sebuleni mteja alikuwa anabisha hodi, na mzee akamsikia Bisi anamwambia leo Bwana Nukta hapigi chapa.